Kutoa chuma mwilini ni kazi kuliko kukiweka: niliyoyaona nikiwa sista wa thieta ya mifupa

Swali ninaloulizwa kuliko yote, na wagonjwa, na ndugu zao, hata na watu baki wakishajua nafanya kazi thieta ya mifupa, ni hili: sista, hiki chuma kitatolewa lini? Hawaulizi ni chuma cha aina gani wala kinafanya kazi gani humo ndani, wanataka kujua kitatoka lini. Na mi siku zote nawajibu kwa swali, karatasi yake unayo? Hapo unakuta mtu ananikodolea macho, karatasi ya nini tena.

Nitafika kwenye hiyo karatasi, lakini ngoja kwanza niseme kazi yangu ni ipi. Mi ndo yule anayesimama mezani na daktari, vyombo vyote viko mikononi mwangu, navihesabu kabla na baada, nampa anachotaka na siku nyingine nampa hata hajamaliza kutamka. Na trei zetu sio za visu na mikasi tu kama watu wanavyodhani, kuna nyundo, patasi, koleo, msumeno, drili, bisibisi za kila aina, na skrubu zimepangwa kwa urefu, milimita kumi, kumi na mbili, kumi na nne, hivyo hivyo kwenda juu. Ukikaa hapo miaka unaanza kuvijua hivi vyuma kwa tabia zake.

Na tabia ya kwanza ni kwamba chuma hakiponyeshi mfupa. Hili watu wengi hawalijui, na wanaolijua wanalisahau wiki ya pili maumivu yakipungua. Mfupa unajiunga wenyewe, pale ulipovunjika damu inavilia, ile damu inakuwa kama kitanda cha kuoteshea tishu laini, inakuja gegedu, halafu mfupa mchanga, halafu huo mfupa mchanga unajichonga taratibu miezi na miezi mpaka unafanana na wa zamani. Chuma kazi yake ni kushika vipande visihame wakati hayo yote yanaendelea. Basi. Sasa chuma nacho kinachoka. Chukua waya, ukunje huku, ukunje kule, huku, kule, utakatika hata kama hukutumia nguvu. Plati, kile kibamba cha chuma kinachofungwa kwa skrubu pembeni ya mfupa, ikiwa kwenye mguu ambao mfupa haujaunga inafanyiwa hivyo hivyo kila hatua unayotembea. Kwa hiyo ni mashindano, mfupa uunge kabla chuma hakijachoka.

Ndo maana mgonjwa akirudi na plati iliyokatika kati, ndugu wanawaka, mmemuwekea feki, na daktari anaangalia picha anauliza kitu kingine kabisa: kwa nini huu mfupa haujaunga mpaka leo? Kuna usaha? Anavuta sigara? (sigara jamani inachelewesha mfupa kuunga, hii sio ya kumtisha mtu, nikotini inabana mishipa ya damu na pale kwenye mvunjiko damu ndo kila kitu.) Alikanyagia kabla ya kuruhusiwa? Au vipande viliachwa na nafasi katikati? Chuma kukatika mara nyingi ni taarifa kwamba mfupa ulikwama muda mrefu. Kiwandani huwa kuna makosa pia, sikatai, ila sio hapo pa kuanzia.

Kuna moja tu ambayo ikikatika wala hatushtuki sana, ile skrubu inayopita juu kidogo ya kifundo cha mguu kuunganisha ile mifupa miwili ya chini ya goti. Ile mifupa kwa kawaida inachezacheza kidogo mtu akitembea, kwa hiyo skrubu ikiachwa ndani inaweza kukatika, mtu anaona kwenye eksrei anapiga simu analia, na mara nyingi haina neno.

Sasa kwa wale wa rodi, ile fimbo ya chuma inayokaa ndani ya mfupa. Zamani mtu akivunjika paja analazwa, mguu unavutwa na uzito uliofungwa kwenye kamba, wiki hata miezi kitandani, vidonda vya mgongo, damu kuganda, nimonia, wengine hawakunyanyuka tena. Daktari mmoja Mjerumani, Gerhard Küntscher, pale Kiel mwaka 1939, akaanza kupitisha msumari mrefu ndani ya uwazi wa mfupa, mle kwenye uboho, kutoka nyongani mpaka karibu na goti. Wakati wa vita ya pili ya dunia wafungwa wa kivita wakawa wanarudi makwao wanatembea, madaktari wa upande wa pili wakiwapiga picha wanaona fimbo ya chuma ndani ya paja wanaduwaa, maana walishafundishwa kitu kama hicho hakifai. Mi naipenda hii hadithi kwa sababu mpaka leo mgonjwa wa rodi ndo anayetushangaza wenyewe, leo kawekewa, kesho mtu wa mazoezi anamsimamisha na magongo. Rodi iko katikati ya mfupa, uzito unapita humo humo kwenye mstari wa mfupa, plati iko pembeni kwa hiyo inakunjwa. Hiyo ndo tofauti yenyewe, na ndo sababu jirani yako wa wodini anakanyagia mapema na wewe umeambiwa bado. Msishindane.

Kazi ngumu ya rodi ni yale matundu ya chini. Rodi za siku hizi zinafungwa na skrubu juu na chini ili mfupa usizunguke wala kufupika, ya juu rahisi maana kuna mkono wa kuelekezea, kifaa kinachofungwa kwenye rodi kwa nje kuonyesha tundu lilipo, ya chini rodi imeshajipinda kidogo ndani na tundu hulioni, kwa hiyo wengi wanatumia mashine ya eksrei hapo hapo thieta, wote tumevaa yale maaproni mazito ya risasi. Sehemu zisizo na hiyo mashine kuna rodi za SIGN, ni shirika alilolianzisha daktari Lewis Zirkle mwaka 1999 pale Richland, Washington, kwao mkono wa kuelekezea unafika mpaka chini na kuna kifaa cha kupapasia mfereji wa rodi, daktari anajua yupo ndani kwa mkono tu. Nimewahi kusimama kwenye operesheni za namna zote mbili, na nakwambia yule anayetafuta tundu kwa kupapasa thieta yote inanyamaza, mpaka asikie chuma kimegusa chuma.

Kazi yangu nyingine ambayo mgonjwa haioni ni maji. Drili ikianza kuzunguka mi nashika bomba la sindano kubwa namwagia saline pale pale ncha inapoingia. Mfupa ni kitu hai, ukiupasha moto kufika kama nyuzi 47 kwa dakika moja seli zake zinakufa, na mfupa uliokufa haushiki skrubu, miezi michache mbele skrubu inalegea mtu anashangaa. Ncha butu ndo inayochoma zaidi, kwa hiyo ncha ikishaanza kuteleza mi naitoa kwenye trei bila kuomba ruhusa, wanune watakavyo. Na saizi zina sheria zake, skrubu ya unene wa milimita 3.5 unatoboa kwa ncha ya 2.5, ya 4.5 unatoboa kwa 3.2, ukitoboa kubwa skrubu haina pa kung'ata.

Haya, karatasi. Kila plati, kila rodi, kila skrubu ina kampuni yake, saizi yake, malighafi yake (chuma cha pua, titani, au mchanganyiko wa kobalti na kromu, na hatuchanganyi plati ya titani na skrubu za chuma cha pua maana mbili tofauti zikigusana kwenye majimaji ya mwili chuma kinaliwa kama kwa kutu), na kikubwa kuliko vyote kina bisibisi yake. Vichwa vya skrubu havifanani. Kuna vya tundu la pembe sita, kuna vya nyota, kuna za zamani za msalaba, na kila moja saizi zake. Vile vyenye paketi zake vinakuja na stika ndogo, sisi tunabandika kwenye faili, sehemu nyingine wanakupa na wewe kadi, kama hukupewa basi yote yanakuwa kwenye ripoti ya operesheni, na una haki ya kuomba nakala. Piga picha kwenye simu, tuma kwa ndugu, weka popote.

Nimeongea hivi kwa sababu ya mama mmoja mtu mzima aliyekuja kutolewa plati ya kigasha. Iliwekwa kwingine, miaka imepita, faili halijulikani lilipo. Picha inaonyesha plati na skrubu sita, lakini kwenye picha ile vichwa vilikaa kwa ubavu, tundu la kichwa huwezi kulijua. Nikatoa trei karibu zote tulizonazo. Daktari kafungua, plati haionekani, mfupa umeota umepanda juu yake umeifunika, ikabidi aukwangue kwa patasi nyembamba pole pole huku akikwepa mshipa wa fahamu ambao kwenye kovu hautofautiani na kovu lenyewe. Vichwa vya skrubu vikaonekana vimejaa nyama na mfupa, nikampa kindoano, anachokonoa, namwagia maji, anachokonoa tena, hiki ndo kitu ambacho mwenye haraka anakiruka, bisibisi isipoingia mpaka chini ya tundu umeshaharibu. Tukajaribu pembe sita ya 2.5, inacheza. Tukajaribu nyota namba 15, ikakaa kimya. Nne zikatoka, kila moja ikilia kwii mwanzoni ndo inaachia. Ya tano tundu likalika likawa duara. Kuna kifaa cha ncha ya koni chenye nyuzi zinazokwenda kinyume, ukikizungusha upande wa kufungulia kinazidi kujichimbia kichwani mpaka skrubu inafuata, ikatoka. Ya sita ikagoma kabisa. Hizi skrubu za kujifunga na plati, ambazo kichwa chake nacho kina nyuzi za kukazia kwenye tundu la plati, hasa zikiwa titani kwa titani, zilizokazwa bila ile bisibisi inayopiga "ta!" na kuacha nguvu ikifika kiwango, zinashikana na plati zinakuwa kitu kimoja. Kichwa kikakatwa kwa ncha ya kabaidi, ile ngumu inayokata hata chuma, vumbi jeusi la chuma linaruka, mi nimezungushia vitambaa vilivyolowa pembeni ili lisisambae kwenye nyama, huku namwaga maji huku mwenzangu anafyonza, plati ikanyanyuka na kile kipande cha skrubu kilichobaki kikakamatwa kwa koleo kikazungushwa kikatoka. Operesheni iliyopangwa fupi ikala asubuhi nzima. Mama kaamka anauliza tu, mmekitoa chote? Tungekuwa na karatasi tungechukua bisibisi sahihi toka mwanzo, na pengine kujua mapema kwamba kile kifaa cha koni kitahitajika kiwe kimeshachemshwa kipo tayari, maana kuna sehemu hawanacho kabisa, wanafungua mtu halafu wanamfunga tena na chuma chake.

Kwa hiyo lile swali la lini, jibu langu ni anza na je kitolewe? Mtu mzima ambaye chuma hakimsumbui, hakina usaha, hakigusi kiungo, hakisugui ngozi, mara nyingi kinaachwa na anaishi nacho mpaka mwisho. Watoto ni tofauti, mfupa wao unakua, chuma kinazama ndani na baadaye hakipatikani, kwa hiyo zile rodi laini za watoto kwa kawaida zinatolewa. Kigasha madaktari wengi wanasubiri mwaka na nusu hadi miwili kabla ya kugusa plati, wanaogopa mfupa kuvunjika upya. Na kukiwa na usaha kwenye chuma hapo sio hiari tena, bakteria wanajitengenezea utando juu ya chuma na dawa haiupenyi vizuri, unaweza kumeza vidonge mwaka mzima wakawa wanasinzia tu humo.

Vyuma ambavyo kutoa ni rahisi ni vile vya nje, zile ringi za Ilizarov. Gavriil Ilizarov alikuwa daktari kule Kurgan, Siberia, miaka ya 1950, akatengeneza ringi zinazoshikwa na waya zinazopita kwenye mfupa, na akagundua mfupa uliokatwa ukivutwa taratibu, milimita moja kwa siku, unaotesha mfupa mpya katikati. Ulaya magharibi haikumjua mpaka mpanda milima wa Italia, Carlo Mauri, alipokwenda kutibiwa kwake mwaka 1980 mguu ukiwa umeshindikana kwao. Ile milimita kawaida inagawanywa mara nne, robo robo, na anayezungusha nati ni mgonjwa mwenyewe au mtu wake wa nyumbani. Nawapenda wagonjwa wa ringi kwa kweli, wanajua chuma chao kuliko mimi, wanakwambia nati ya tatu leo ngumu kidogo sista. Tabu yao ni pale waya zinapoingilia kwenye ngozi, pasafishwe kila siku, pakianza kuwa pekundu na kutoa maji wasinyamaze.

Viungo vya bandia, nyonga na goti, hiyo ni habari nyingine maana vile havisubiri mfupa kuunga, vimechukua nafasi moja kwa moja, hakuna siku ya kutolewa labda viharibike. Hapa chuma hakichoki sana, kinachokwisha ni kile kinachosugua. John Charnley kule Wrightington, Uingereza, mwanzoni alitumia Tefloni kwenye kikombe cha nyonga, wagonjwa wakafurahi, ndani ya miaka michache ile Tefloni ikalika, unga wake ukachokoza mwili, ikabidi arudie mamia ya operesheni. Mpaka akaweka vipande vyake kwenye paja lake mwenyewe aone mwili unafanyaje. Fundi wake, Harry Craven, ndo akajaribu plastiki nyingine kwenye mashine ya kusugulia, polithini ngumu, bosi alikuwa hana imani nayo, lakini ikasugua wiki na wiki haiishi, na Novemba 1962 ikaanza kuwekwa kwa watu. Kizazi cha ile plastiki ndo tunaweka mpaka leo, imeboreshwa tu.

Na ile sementi ya kushikizia ni mimi naichanganya, unga na maji yake, harufu kali inakukaa puani mpaka jioni, nasoma saa kwa sauti, dakika ya kwanza, ya pili, ikiacha kunata kwenye glovu inaingia, na ikiganda inapata moto. Sio gundi, inajaza tu nafasi kati ya chuma na mfupa.

Hapa kwenye viungo karatasi ndo inakuwa na uzito zaidi. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za ASR, zile za chuma kusugua chuma, kwa sababu nyingi mno zilikuwa zinahitaji kurudiwa mapema, na chembe za kobalti na kromu zilikuwa zinaingia kwenye damu na kuharibu nyama za pembeni. Mwenye kadi alisoma jina akajua ni yake au sio yake. Asiye na kadi akabaki anatafuta hospitali iliyomfanyia, kama bado ina faili. Kadi hiyo hiyo mwenye mashine ya MRI ataiomba, vyuma vingi vya mifupa vya siku hizi havivutwi na sumaku, vinachafua tu picha, lakini yeye hawezi kukukisia. Uwanja wa ndege kengele inaweza kulia inaweza isilie, sema tu kabla hujapita.

Ukishatolewa chuma usikimbilie mpira. Kila skrubu imeacha tundu, na tundu linajaa pole pole, kwa wiki kadhaa mfupa ni dhaifu pale pale hata kama hausikii maumivu yoyote, vijana hawa ndo wanaotusumbua, kidonda kimefunga tu ameshaingia uwanjani. Uliza daktari unaruhusiwa nini, kukanyaga, kunyanyua, kukimbia, kila kimoja na wakati wake. Na wanaotaka kuondoka na chuma chao, wapo wengi, kuna hospitali wanakisafisha wanakupa na kuna wasiokubali kabisa, ulizia siku ya kusaini fomu maana ukiuliza umeshatoka thieta mimi nitakuwa nimeshakitupa kwenye ndoo.